Dodoki la Baba Mkwe

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, masikio yangu yanapata moto, ingawa sasa nina wajukuu waliokwisha kuoa. Ilikuwa asubuhi, huku kwetu Gare, ukungu umetanda hadi mlangoni, nami nimesimama katika chumba cha baba mkwe wangu na beseni la maji ya moto, mikono ya gauni nimeikunja hadi viwikoni. Nikasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake, "Baba, leo nimekuja kukuogesha." Mzee alinitazama mara moja tu. Akageuza uso ukutani, akasema, "Toka, mama." Hakupaza sauti. Nikatoka na beseni langu, maji yakinimwagikia miguuni.

Nitakusimulia ilikuwaje, na nitakuambia kwa nini nalisema leo jambo nililolifungia kinywani miaka yote hii. Ila jina la mzee sitalitaja. Wanaomjua watamjua, na wakishamjua naomba wanyamaze.

Juzi juzi mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Ndani yake kulikuwa na picha ya mzee mmoja wa hapa jirani, mtu niliyemwamkia tangu nilipoletwa huku nikiwa bi harusi. Yuko kitandani, kifua wazi, mdomo umepinda, na kijana wake amemwinamia na kitambaa cha maji, huku amegeuka kuitabasamia picha. Chini yake watu wamejaza maneno mazuri: Mungu akuzidishie, hujui baraka unazochuma, na mengine ya namna hiyo. Mjukuu wangu alitaka nifurahi naye. Nilimrudishia simu yake, nikaenda kukaa uani peke yangu, maana nilijiona nimeingia chumbani kwa yule mzee bila kubisha hodi. Kijana yule si mbaya, na nisieleweke vibaya. Anampenda baba yake na anamhudumia, na wako wengi ambao hata hilo hawalifanyi. Ila hakubahatika kuwa na shangazi kama niliyebahatika kuwa naye mimi.

Sasa sikiliza. Baba mkwe wangu alipatwa na kiharusi mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Alikuwa ametoka kukagua matuta ya kabichi, akaketi kwenye ngazi ya mlango kuvua viatu, na asiinuke tena. Upande wa kushoto wote ukapooza. Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa, kwa hiyo watu wazima nyumba nzima tulikuwa yeye, mume wangu na mimi. Shemeji yangu alikuwa anafanya kazi Tanga. Mwanzoni mume wangu ndiye aliyemwogesha baba yake, na hapakuwa na tatizo. Lakini sisi chakula chetu kilitoka Mnazi, kule chini kwenye joto, alikokuwa na shamba la mahindi, na mvua haimsubiri mtu. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akiwa na jembe begani, akaniambia, "Mama Eliya, nakuachia mzee." Akaniachia kweli.

Tulimpata kijana wa jirani aje amwogeshe. Alikuja siku chache, akaanza kuchelewa, mara akaugua, mara akasafiri, hatimaye akawa anapita njia ya juu ili tusionane. Simlaumu. Kumwogesha mtu mzima asiye wako ni kazi nzito, na mzee naye hakuwa mwepesi wa maneno. Chumba kikaanza kutoa harufu. Ndipo mimi, mwanamke kijana mwenye nguvu zangu na elimu yangu ya darasa la saba, nikaamua kwamba mambo ya aibu ni ya watu wasio na akili, nikachemsha maji na kujaza beseni.

Wewe mwanangu huenda huoni kosa liko wapi, kwa sababu siku hizi mnakaa na wakwe zenu kwenye kochi moja mnatazama televisheni. Enzi zetu mke wa mtoto na baba mkwe walikuwa watu wa kuheshimiana kwa mbali. Nilimwamkia kwa kupiga magoti. Chakula nilikiweka mezani nikatoka. Kitandani pake sikuwahi kuketi, wala nguo zake za ndani sikuwahi kuzianika, alizifua mwenyewe na kuzianika nyuma ya zizi. Naye kwa upande wake alikohoa kabla ya kuingia uani, ili kama nimejifunga vibaya nipate kujisitiri. Hatukuwahi kupeana hata mkono. Na tulipendana sana, usidhani vingine. Alikuwa akitoka mnadani hakosi kuniletea kitu, na alikuwa anakiacha juu ya kinu bila kusema neno.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwendea na beseni.

Baada ya siku ile nilidhani hasira zitamwisha. Nikampelekea uji kama kawaida, na kikombe nikakikuta kitupu. Nikampelekea chai, nikakikuta kitupu. Nikasema moyoni, vizuri, mzee anakunywa, tutaelewana tu. Lakini nikaona midomo yake inapasuka. Macho yakaingia ndani. Na chini ya dirisha lake kuku walikuwa wameweka makao, hawabanduki, tena mmoja ana uji kichwani. Nilisimama pale nikiwatazama wale kuku mpaka akili ikanijia. Mzee alikuwa anautupa uji nje kwa ule mkono wake mzima. Alikuwa hali wala hanywi, ili asije akahitaji kusafishwa. Alikuwa ameamua kufa kuliko kuogeshwa na mimi.

Nilikimbia hadi barabarani bila hata kufunga kanga vizuri, nikampata mtu anayekwenda upande wa Bumbuli, nikamwomba apitishe habari Mponde kwa dada wa mzee, shangazi wa mume wangu: njoo, kaka yako anakufa. Kwa mume wangu pia nilituma ujumbe, lakini Mnazi ilikuwa mbali na njia ilikuwa imekatwa na maji.

Shangazi Raheli alifika siku ya pili yake, amelowa, kafunga gunia kichwani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mchuma chai, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani. Alinipita jikoni akaingia moja kwa moja kwa kaka yake, wakazungumza Kishambaa kwa sauti ya chini muda mrefu. Alipotoka alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akajitilia ugoro puani, akanitazama.

"Ulimwambiaje?" aliniuliza.

"Nilimwambia nimekuja kumwogesha, shangazi."

"Ukamwambia hivyo kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, shangazi. Ananuka. Ningefanyaje?"

"Ananuka, anajua kwamba ananuka. Pua anayo." Akapiga chafya, akafuta macho. "Wewe mtoto una mikono mizuri lakini umeingia kwa kaka yangu kana kwamba unakwenda kuosha sufuria. Sufuria haina baba. Sufuria haikuwahi kuwapokea wazee waliokuja kukuposa. Huyu alikaa kwenye kiti chake siku ile akakupokea wewe katika nyumba yake. Sasa leo akuone umemkunjia mikono ya gauni, halafu kesho amtazameje mwanawe? Unamsafisha mwili, halafu unamwacha na nini?"

Nilianza kulia, na yeye akaniacha nilie hadi nikamaliza, hakunibembeleza. Kisha akaniuliza, "Madodoki yako wapi?"

Mume wangu alipokuwa akipandisha mahindi kutoka Mnazi alikuwa analeta pia madodoki, kwa sababu kule chini yanatambaa kwenye kila ua, na huku kwetu baridi haiyapendi. Yakiwa machanga tuliyapika na karanga. Yakikauka tuliyamenya ganda, tukakung'uta mbegu, na zile nyuzinyuzi za ndani zikawa za kusugulia vyungu. Nilimletea kadhaa. Akayabonyeza moja moja, akachagua moja refu, jepesi, akalilowesha kwenye maji ya moto na kulikamua, akalilowesha tena na kulikamua, mpaka likalainika likawa halikwaruzi hata shavuni. Alinipitishia shavuni kweli, nijue mwenyewe. Halafu akakata fimbo ya mpera, akalifunga dodoki kwenye ncha kwa kamba ya katani.

"Hebu nikuambie sheria," alisema. "Anayemwogesha kaka yangu ni dodoki. Wewe hujaingia mle ndani. Umenielewa? Wewe uko shambani. Mkono wako hautamgusa, na ukitaka kumgeuza utamgeuza kwa kuvuta shuka alilolalia. Hutasema neno. Ukimaliza utatoka kwa mlango wa nyuma, utaacha hiyo nguo iliyolowa, utazunguka nyumba, na utaingia kwa mlango wa mbele na kumwamkia."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Nilisema, "Lakini shangazi, si atajua tu ni mimi?"

"Atajua," alisema shangazi Raheli. "Wewe nawe utajua. Na kila mmoja atajua kwamba mwenzake anajua. Sasa hilo si ndilo linaloitwa heshima?"

Tukafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tukatundika shuka juu ya kitanda, kichwa na mabega ya mzee yakawa upande mmoja, mwili mwingine upande wa pili. Shangazi akaketi kichwani kwa kaka yake, akitazama ukutani na yeye pia. Mimi nikaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo yangu na fimbo yangu. Fimbo ikawa inagonga mbao za kitanda.

"Dodoki, anza na miguu," alisema shangazi.

Nikaanza na miguu. Nikapanda magotini. Nangoja lile neno lake la "Toka." Nilipofika kiunoni nikaona jambo la kutisha, mwanzo wa kidonda cha kulala kitandani: wekundu juu ya nyonga, mpana kama kisosi, ngozi inang'aa. Bado haijapasuka, lakini ilikuwa haina siku nyingi. Nikapunguza mkono. Na hapo mzee akasema, kwa sauti kavu ya mtu asiyekunywa maji, "Raheli."

"Naam, kaka."

"Mwambie dodoki kwamba maji yake ni ya moto."

Shangazi akasema, "Dodoki, maji ya moto." Nikaongeza ya baridi. Mzee akashusha pumzi ndefu, na mimi upande wangu wa shuka nikafunga macho kwa shukrani.

Nilipomaliza nilifanya kama nilivyoagizwa. Nikatoka nyuma, nikabadili kanga, nikanawa, nikazunguka nyumba kwenye mvua, nikaingia kwa mlango wa mbele. Nikakuta shuka limeondolewa. Mzee ameegemezwa kwenye mto, kavalishwa shati safi, na kwa mkono wake mmoja alikuwa anahangaika kuiweka sawa kofia yake kichwani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetoka wapi na mvua hii?"

Nikababaika kidogo. "Shambani, baba."

"Kabichi zimeanza kufunga?"

"Zimeanza, baba. Zile za tuta la juu ndizo zimetangulia."

"Vizuri," alisema. "Kuna uji?"

Alikunywa kikombe kizima, mwanangu, akaomba kingine. Mimi nilisimama jikoni nikiukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa, machozi yananitoka, kuku wananitazama kwa kuwa wamekosa riziki yao.

Shangazi Raheli alikaa nasi hadi wekundu ule ulipofifia, kisha akarudi kwenye chai yake. Baada ya hapo tulibaki wawili, na mzee akaanza kuzungumza na dodoki mwenyewe. Akaligeuza mtu kabisa. "Dodoki, leo umenuna, nani amekuudhi?" "Dodoki, hilo goti umelisahau, au umelifanyia makusudi?" Siku ambayo nilikuwa nimechoka na kuharakisha, alisema, "Naona leo wameniletea kibarua, dodoki mwenyewe yuko wapi?" Mimi nyuma ya shuka nauma kanga nisicheke. Wakati mwingine alimweleza dodoki mambo ambayo hajapata kuniambia mimi: jinsi mama mkwe alivyofariki, jinsi anavyoogopa kwamba wanawe wawili watagombania kiwanja cha bondeni. Dodoki lilisikiliza, halikujibu. Nikishatoka na kuzunguka nyumba, tulizungumza kabichi.

Mganga wa zahanati alisema visigino na nyonga visikae mahali pamoja, vitaoza. Shemeji akaleta godoro la sponji kutoka Tanga, jipya, la kwanza kuingia nyumba yetu, maana sisi tulilalia magodoro ya sufi. Mzee alilibonyeza kwa kidole, likazama, akaondoa kidole, likarudi. Akalibonyeza tena. Akasema, "Hili nalo linapumua." Mimi nilichukua kipande cha godoro kuukuu la sponji la jirani, lililotafunwa na panya, nikalikata pete pete za kuvisha visigino, na moja kubwa ya kukalia nyonga ili ile sehemu mbaya ibaki hewani. Vilipochafuka nilivifua na kuvianika, vikikauka nikavirudisha.

Siku hizi kila kitu kwenu ni sponji. Ya kuoshea vyombo sponji, ya kuogea sponji, ya kufutia ubao darasani sponji, hata keki mnasema ya sponji. Sisi tulikuwa na dodoki, na neno jingine la kanisani, sifongo, ambalo tulilisikia Ijumaa Kuu peke yake kisha tukaliweka hadi mwaka unaofuata. Vyote hivyo nimevitumia kwa mtu mmoja. Kinachonishangaza ni kwamba vitu hivi havina thamani yoyote, ni matundu matupu yaliyoshikana, lakini nilijua vinaweza kukaa kati ya mtu na maumivu yake, na kati ya mtu na aibu yake, vikayanywa yote mawili kimya kimya.

Kukaa kimya ndiko kulikonishinda zaidi, nikuambie ukweli. Kuogesha mwili unazoea. Lakini pale bombani wanawake walikuwa wananiuliza, "Na mzee anaogeshwa na nani, mwenzetu, maana mume hayupo?" Na mimi ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilikuwa kijana, nimechoka, mgongo unaniuma, na nilitamani mtu mmoja tu aniambie hongera. Ningesema mara moja, wangenisifu kuanzia bombani hadi kanisani. Nikamwona mzee mawazoni mwangu, akiiweka sawa kofia yake. Nikawauliza habari za maharage yao.

Tulikwenda hivyo masika yakaisha, kipupwe kikaja na baridi yake, mume wangu akarudi na kwenda tena. Alipokuwepo alitaka kuichukua kazi, lakini mzee akamwambia, "Wewe pumzika, dodoki ameshanizoea." Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama chini. Hakuuliza neno, na usiku ule alinisugua mgongo kwa mafuta ya nazi bila kuombwa.

Mwisho wake ulikuja polepole. Kwanza akakataa ugali, si kwa hasira safari hii, koo lilikuwa limekataa. Kisha uji. Kisha maji yenyewe yakawa yanamkaba. Nikachukua kipande kidogo cha sponji safi, nikakifunga kwenye kijiti, nikakichovya kwenye maji ya uvuguvugu na kumlowesha midomo. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na nilipokiinua kile kijiti mara ya kwanza alikitazama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Tulijua wote tumekumbuka nini: ile sifongo ya siki aliyopewa Yesu msalabani. Lakini yangu hayakuwa siki, yalikuwa maji ya chemchemi ya Gare, na aliyanyonya kidogo akafunga macho.

Mara ya mwisho kumwogesha ilikuwa asubuhi ya jua. Shuka limetundikwa, mume wangu yuko nje anapasua kuni. Mzee hakutania siku hiyo. Niliogesha miguu, nikapanda, nikamgeuza kwa shuka, nikamkausha. Nilipokuwa naokota ndoo nitoke, nikasikia sauti yake, nyembamba, upande wa pili.

"Dodoki," alisema.

Nikasimama.

"Hongea."

Ni neno letu la Kishambaa la kushukuru. Alikuwa hajalisema hata mara moja, angelisemaje, wakati hapakuwa na mtu? Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikakaa juu ya kuni nikalia hadi mume wangu akaacha shoka. Halafu nikanawa uso, nikazunguka nyumba, nikaingia na kupiga magoti. "Shikamoo, baba." Mdomo wake ulijaribu marahaba, sauti haikutoka. Alifariki kabla ya jua kupinduka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Wanaume wa ukoo waliingia kumwosha maiti, kama ilivyo desturi. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na masufuria ya makande, uani kumejaa watu hadi barabarani. Walipotoka, mkubwa wao alisimama mlangoni akiwa bado anafuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndugu zangu, nimeosha wazee wengi waliolala kitandani muda mrefu. Huyu hana kidonda. Mgongo wake ni mzima kama wa mtu aliyekufa akitembea. Nani alikuwa anamwogesha mzee huyu?"

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Kupitia mlango wa jiko niliona watu wanageuka kutafutana kwa macho, wakamtazama mume wangu, na yeye akamtazama shangazi Raheli aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na wafiwa. Nilijua akinitaja nitasifiwa mbele ya kijiji kizima. Pia nilijua kwamba akinitaja, kila mtu pale atamwona baba mkwe wangu yuko uchi mbele ya mkamwana wake, na atazikwa akiwa hivyo.

Shangazi Raheli aliinuka taratibu, akajitengeneza kanga.

"Kaka yangu alikuwa anaoga mwenyewe," alisema.

Yule mzee aliyeuliza alimtazama kitambo. Akaelewa. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa, akasema, "Basi alikuwa mtu safi." Watu wote wakaitikia. Mimi nikarudi kukoroga makande, na sijapata kusifiwa kiasi hicho tangu siku hiyo hadi leo.

Sasa utauliza kwa nini nimelisema. Nimelisema kwa sababu wote walioapa kimoyomoyo kulificha wamekwisha, nimebaki mimi, na mimi nami magoti yamegoma, naogeshwa. Mke wa mwanangu ananiogesha. Siku ya kwanza alipoingia nilijikunja kwenye blanketi, nikajua baba mkwe alijisikiaje alipogeuka ukutani. Kuogesha ni kugumu, lakini kuogeshwa ni kugumu zaidi, na hilo hakuna anayekufundisha hadi siku yake ifike.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mgonjwa wako ukimsafisha, kumbuka alikuwa nani kabla hajalala pale, na umrudishie cheo chake kabla hujatoka chumbani. Mwamkie. Muulize ushauri, hata kama jibu unalo. Mwachie neno la kukataa na neno la kuamuru, maana mtu asiyeweza kuamuru hata joto la maji yake amekwisha kufa kabla ya kufa. Ukichoka, sema umechoka, mwombe ndugu yako akupokee, kuchoka si dhambi. Lakini mwili wa mzazi usiupeleke sokoni, wala bombani, wala kwenye simu. Ukitaka kupiga picha, msubiri avae shati, mvalishe kofia, kisha muulize. Na siku itakapokufikia wewe kuogeshwa, usigeuke ukutani kwa muda mrefu. Mpe anayekuhudumia nafasi ya kukupenda.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono laini na ulimi mzito. Akupe uzee usio na fedheha, na nyumba yenye watu wenye kujua kunyamaza. Na yote mema utakayoyafanya pasipo kuonwa, Yeye ayaone.